Upande wa Kusubiri

2 Februari

Kaka,

Weka randa chini. Najua unaisoma barua hii umesimama katikati ya karakana ya shule, wanafunzi wanakuchungulia na vumbi la mbao linaingia kwenye bahasha. Kaa kwenye lile benchi lako lililokosa mnunuzi, kisha usome taratibu, maana nina habari na nisipomwambia mtu nitapasuka.

Tumeanza. Mpango wetu wa shule umeanza wiki hii na mimi ndiye mkufunzi wa kanda nzima ya huku. Unakumbuka siku tulipomzika mama, uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, nikasema "kinga", ukadhani nachanja watoto? Sasa sikiliza. Tunafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili namna ya kubeba mawazo mazito yasiwaangushe, na namna ya kukaa mbali na pombe, vidonge na vitu vya kunusa. Najua utasema hata wewe unafundisha hayo, kwa sauti na kwa kidole. Tofauti ni kwamba vipindi hivi vimepimwa. Vilijaribiwa kwingine, watoto wakafuatiliwa kwa miaka, ikaonekana vinasaidia. Sasa tunavipima kwetu.

Shule ni arobaini. Kura ilipigwa mbele ya walimu wakuu: nusu zianze sasa, nusu zisubiri mwaka mmoja huku zikiendelea na mambo yao ya kawaida. Mwisho wa mwaka wanafunzi wa pande zote mbili watajibu maswali yaleyale bila kuandika majina, na Bwana Takwimu wa ofisini kwetu atalinganisha. Tofauti ikionekana, wizara imeahidi kuupeleka mpango kwenye kila shule. Isipoonekana, tunafunga mafaili na mimi narudi kufundisha jiografia. Sisi wakufunzi hatuambiwi ni shule zipi zinasubiri, tusije tukazipendelea.

Laiti ungeona kipindi cha ndoo. Kila mtoto anaandika mambo mawili kwenye kikaratasi kisicho na jina: je, mwezi uliopita umekunywa pombe, na je, unadhani wangapi kati ya kila kumi darasani wanakunywa? Vikaratasi vinaingia kwenye ndoo, tunahesabu mbele yao ubaoni. Walidhani wanaokunywa ni sita kwa kumi. Kumbe hawafiki hata mmoja kwa kumi. Binti mmoja wa nyuma akasema, "Kwa hiyo tulikuwa tunaigana kitu ambacho hakuna anayekifanya?" Kaka, nilitaka kumkumbatia.

Msalimie wifi na Nukta wangu. Mbona mtoto huyo haniandikii siku hizi? Kuhusu kuja nyumbani likizo, tutaona, kazi ni nyingi.

Chiriku wako


21 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Nimekaa kwenye benchi. Lina mnunuzi, ila mnunuzi mwenyewe hajajijua bado.

Barua yako imenifurahisha. Mama alikuwa na haki kutulazimisha kuandikiana, maana kwenye simu wewe huongea mpaka salio linaomba huruma na mtu hapati nafasi ya kuuliza. Nina maswali. Ile ndoo ina mfuniko? Vikaratasi vinakunjwa mara ngapi, na anayehesabu ni mwalimu au mwanafunzi? Na mwalimu akiujua mwandiko wa mtoto afanye nini? Usiniulize kwa nini nauliza. Kuna mwalimu mmoja wa shule ya jirani ambaye nilimsimulia habari zako, naye ana shauku kuliko mimi.

Huyo mwalimu ana wazo ambalo mimi naliunga mkono. Anataka kuwapangia watoto mezani chupa zenyewe, vidonge vyenyewe na zile gundi za kunusa, awaonyeshe kimoja kimoja na awaeleze kinavyoharibu ini na ubongo, mpaka watoke wanatetemeka. Samaki mkunje angali mbichi.

Lakini kuna jambo limenikera na sitalificha. Hao waliotupwa upande wa kusubiri wamekosa nini? Najua utaniambia subira yavuta heri. Mtoto akiwa anazama, utamwambia ngoja kwanza, bado tunapima kamba?

Nukta mzima. Ni umri tu. Anapenda kufunga mlango.

Kaka yako


4 Machi

Kaka,

Sijui kama unaelewa umenifurahisha kiasi gani. Miaka yote hii nimekusimulia kazi yangu na wewe unanijibu habari za mbao za mninga na mkangazi. Leo unaniuliza mfuniko wa ndoo.

Haina mfuniko. Vikunjwe mara mbili, wahesabu wanafunzi wawili waliochaguliwa na wenzao, na mwalimu akae nyuma ya darasa asiuone mwandiko wa mtu. Mwambie rafiki yako hivyo.

Kuhusu meza ya chupa, mwambie asithubutu. Hilo ndilo kosa la watu wenye nia njema. Vitisho vimejaribiwa mahali pengi na vimepimwa pia, na mara nyingi havikuzuia kitu. Kuna mahali watoto waliotishwa waliishia kuwa na hali mbaya kuliko wale ambao hawakuguswa. Watu wazima waliokuwa wakiendesha mambo hayo walikuwa wanajisifu na kupigiwa makofi miaka nenda miaka rudi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kulinganisha.

Na hapo ndipo penye jibu la swali lako. Ukitaka kujua kama vanishi mpya ni nzuri, utapaka meza zote? Utaacha moja bila kupaka, uziweke juani pamoja. Usipofanya hivyo utaisifu vanishi kwa kazi ya mbao. Roho inaniuma kwa wale wanaosubiri, usidhani hainiumi. Lakini tukiruka hatua hii, wizara itasema hatuna ushahidi, na watakaosubiri watakuwa watoto wote, tena milele.

Sasa nikupe kipindi ninachokipenda kuliko vyote. Ni cha wazazi. Mzazi anakaa na mtoto wake, anamuuliza swali moja tu: "Uko vipi, kweli?" Kisha ananyamaza. Hashauri, hahubiri, hasimulii enzi zake. Akiona ulimi unawasha, anauma kalamu. Mtoto akisema kitu, mzazi anaruhusiwa neno moja, "Endelea." Wiki iliyopita baba mmoja mwenye kifua kama kabati alifika dakika ya tatu akaanza kulia, na mwanawe ndiye aliyemwambia, "Endelea, baba." Wewe ungefeli kabla kalamu haijafika mdomoni.

Nalala kidogo siku hizi lakini nina nguvu za ajabu. Furaha inanishibisha.

Chiriku


27 Machi

Chiriku,

Barua yako imefika imechelewa. Yule mwalimu alikuwa ameshapanga meza.

Nikwambie ilivyokuwa, ucheke. Alikusanya vitu kwa wiki mbili, akavipanga kwenye kitambaa cheupe, akahutubia kipindi kizima. Watoto walisikiliza kuliko wanavyosikiliza hesabu, naye akaenda nyumbani anajiona ameokoa taifa. Kesho yake darasa zima lilikuwa linajua majina ya chupa zote, bei zake na ipi ina rangi nzuri. Wawili walimfuata kwa adabu kabisa kumuuliza ile ya kijani inauzwa wapi. Mwalimu mkuu akamwita ofisini. Amejuta, masikini, na vitu vyote amevitupa. Alipofanya ndoo yako, kama ulivyoelekeza, mambo yakatulia, na kelele za "kila mtu anakunywa" zimepungua hata kwenye foleni ya maji.

Sasa ana swali jingine, na naomba ujibu upesi. Ana binti. Alimuuliza swali lako, akauma kalamu kama ulivyosema. Aliiuma mpaka ikapasuka na wino ukamjaa mdomoni. Binti akamtazama, akasema, "Hakuna kitu, baba," akaingia chumbani. Je, amekosea wapi? Arudie, au aachane naye? Na kama binti amekonda na hapati usingizi, hali chakula, na rafiki zake wa zamani hawaji tena, ni umri tu?

Kaka yako


8 Aprili

Kaka,

Nimecheka mpaka mwenye nyumba amegonga ukuta. Mwambie rafiki yako nampenda, pamoja na wino wake.

Hajakosea. Arudie kesho, na kesho kutwa. Mtoto kwanza anapima kama mtu mzima anaweza kweli kunyamaza, maana hajawahi kumwona akinyamaza. Asibadilishe swali, asiongeze hotuba, asioneshe kwamba amechoka. Akishajibu hata nusu sentensi, aseme "Endelea."

Lakini la kukonda na kukosa usingizi si umri tu. Ampeleke kwa muuguzi wa afya ya akili kwenye kituo cha afya, asisubiri. Na mtoto akisema hataki kuishi, au akionyesha hivyo, siku hiyohiyo wasimwache peke yake hata kidogo, wampeleke wakiwa wameshikana mikono. Vipindi vyangu ni kinga. Mtu akishaugua anahitaji tiba, na si aibu. Mwambie rafiki yako: mficha maradhi kifo humuumbua.

Ana bahati binti huyo. Wangapi wana baba wa kunywa wino kwa ajili yao?

Chiriku


15 Juni

Shikamoo Shangazi,

Ni mimi Nukta. Samahani kwa kutokuandika. Baba hajui kama naandika, nataka kumshangaza ukimjibu.

Nataka kusema asante kwa vipindi ulivyotutumia. Shule yetu iliangukia upande wa kusubiri, mwalimu mkuu akatutangazia kwenye kikao cha shule nzima kwamba zamu yetu ni mwakani na walimu wasianze kitu. Wengine walishangilia wakadhani ni mtihani. Halafu baba akaanza kutufundisha karakanani baada ya kupanga mbao. Akasema, "Shangazi yake Nukta ndiye fundi wa haya mambo, ananielekeza kwa barua." Kwa hiyo nikajua umetuombea ruhusa maalumu. Kila darasa la kidato cha pili limepita kwenye ndoo, na sasa kidato cha kwanza. Ile siku ya chupa sisemi, baba amekataza isitajwe.

Shangazi, tangu bibi afariki nilikuwa silali. Nilikuwa nikifumba macho namwona vile alivyokuwa siku za mwisho. Rafiki yangu mmoja alikuwa na chupa, akasema inasaidia, na kweli ilikuwa inasaidia, halafu ikawa haisaidii mpaka iongezwe. Nilidhani wote wanafanya hivyo. Siku tulipohesabu vikaratasi nikaona kumbe niko karibu peke yangu, nikaogopa sana. Lakini pia nilipata nafuu, sijui kwa nini.

Baba alikuwa ananiuliza kila jioni, "Uko vipi, kweli?" halafu anauma kalamu. Unamjua baba. Ni mtu anayeongea hata na misumari. Siku ya kwanza alipasua wino, nikakimbilia chumbani ili asinione nacheka, nikajikuta nalia. Siku nyingine nikamwambia kidogo, akasema "Endelea." Nikamwambia yote. Hakunigombeza. Mama alitaka kusema, baba akampa kalamu.

Sasa nakwenda kituo cha afya kila wiki, kuna muuguzi mpole tunaongea naye. Chupa sijaigusa tena. Kuna siku natamani, naenda karakanani napiga msasa mpaka mikono inauma.

Shangazi, nakuuliza kitu, jibu ukitaka. Wewe umewafundisha watu wote kuuliza hilo swali. Wewe nani anakuuliza?

Nukta wako


26 Juni

Kaka,

Huyo mwalimu wa shule ya jirani, ana kovu la patasi kwenye kidole gumba cha kushoto?

Nimesoma barua ya Nukta nimesimama, na nikamaliza nimekaa sakafuni. Nilicheka, nikalia, kisha nikakasirika mpaka nikatembea mtaa mzima bila kujua naenda wapi. Mtoto wangu alikuwa anazama, na wewe unaniandikia ni umri, anapenda kufunga mlango. Mimi ni shangazi yake. Ningekuja kwa miguu.

Halafu hili la pili. Ulikaa kwenye kikao, ukasikia kwa masikio yako shule yenu inasubiri. Ukaja kunichota maarifa kidogokidogo huku ukinipaka mafuta, nami kwa furaha yangu nikamwaga yote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ulizoea kuniimbia. Safari hii mkuu mwenyewe ndiye kavunja, tena guu langu.

Umeielewa hasara? Sheria ya kazi hii ni kwamba shule inahesabiwa upande ilioangukia kwenye kura, hata ikifanya nini. Hatuwezi kuichomoa leo kwa sababu haitupendezi. Kila mtoto uliyemsaidia atahesabiwa kama mtoto ambaye hakupata kitu, kisha itaonekana hata wasiofundishwa wanapona wenyewe. Wewe umeipaka vanishi meza iliyotakiwa kuachwa wazi. Tofauti ikipotea, wizara itafunga mpango, na kuna maelfu ya kina Nukta ambao baba zao hawana dada.

Kesho asubuhi naingia kwa Bwana Takwimu kumweleza yote. Ningeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini siwezi kuwafundisha watoto kusema ukweli nikiwa nimeukalia. Inawezekana wakanifukuza.

Mbusu Nukta. Mwambie mimi sijambo.

Mdogo wako


9 Julai

Mdogo wangu,

Leo sina utani.

Sikukuficha kwa ujanja. Niliona aibu. Dada yangu ni mkufunzi wa kinga wa kanda nzima, na ndani ya nyumba yangu mtoto ananuka pombe. Ningeandikaje sentensi hiyo? Siku ile ya kikao mwalimu mkuu aliposema mwakani, mimi nilikuwa nimetoka kuiona chupa chini ya kitanda. Mwakani ni mbali sana ukiwa umeiona chupa. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, nami nilikuwa nimeanza kumkuta si wangu.

Nikasema nitaifanya kwa Nukta peke yake. Lakini ndoo haiwezi kufanywa na mtoto mmoja. Nikachukua darasa lake. Darasa jingine likauliza kwa nini wao wamerukwa, nikawachukua nao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Sikuelewa habari ya hesabu. Ulinieleza, nami nikasoma nikitafuta tu mahali palipoandikwa la kufanya. Nimeshakwenda kwa mwalimu mkuu nimemwambia, na nimemwandikia Bwana Takwimu kwamba wewe hukujua. Nimeacha kufundisha vipindi, ila kumuuliza binti yangu sitaacha.

Naomba radhi, na sijuti. Yote mawili ni kweli na nimeshindwa kuchagua moja. Wakikufukuza, utakuja hapa, na nitauza benchi.

Kaka yako


5 Desemba

Kaka,

Weka randa chini, weka na msumeno, mwambie na wifi aweke alichoshika.

Tofauti ipo.

Leo asubuhi Bwana Takwimu alituita wote. Unajua mtu huyu, hata akiokota almasi atasema "inatia moyo." Alisimama mbele na karatasi zake, akatoa miwani, akaifuta, akaivaa, akaitoa tena. Kisha akasema, "Inaonekana," akakaa chini. Tulimvamia. Karani alipiga vigelegele mpaka walinzi wakapanda. Shule zilizofundishwa, watoto wachache zaidi wameanza kunywa, na wachache zaidi wana mawazo yale ya giza. Si muujiza. Ni tofauti ndogo iliyo ya kweli, na ukiizidisha kwa shule zote ni watoto wengi kuliko wanaoingia kwenye uwanja wa mpira. Wizara imeshasaini.

Shule yenu imo humohumo, upande wa kusubiri, kama sheria inavyotaka, na kwenye ripoti yameandikwa wazi yaliyotokea. Bwana Takwimu alinionyesha mchoro. Upande wa kusubiri nukta zote zimejikusanya pamoja, isipokuwa moja imepanda huko juu peke yake. Akasema, "Hii ndiyo ya kaka yako. Imetupunguzia ushindi." Nilijitahidi kuonyesha majuto. Kaka, ndani mwangu nilikuwa nacheza.

Mimi nilipewa barua ya karipio na nimeihifadhi. Sasa wakufunzi wote wanasaini kwamba hawatasimulia vipindi kwa ndugu. Kila anayesaini ananitazama. Na Januari shule yenu inaanza rasmi, mkufunzi halisi anakuja, na utakaa mstari wa mbele kama mwanafunzi. Ukileta hata chupa ya maji atakutoa nje.

Likizo hii nayo sitaweza kuja, kuna ripoti na kuna mafunzo ya wakufunzi wapya. Lakini msiwe na wasiwasi, mimi niko juu kama nyota. Silali kwa furaha.

Chiriku


17 Desemba

Mdogo wangu,

Tumesoma barua yako mezani, wote watatu, na wifi yako amecheza kweli. Nilipofika mwisho Nukta akaniambia, "Baba, soma tena barua zake zote." Tumezisoma. Tangu Februari hulali. Tangu tumzike mama hujakanyaga nyumbani. Nukta alikuuliza swali mwezi wa sita, ukamjibu kwamba hujambo.

Mimi ni mwanafunzi wako, kwa hiyo sitashauri, sitahubiri, wala sitasimulia enzi zangu. Nina kalamu mpya mdomoni.

Uko vipi, kweli?

Kaka yako


28 Desemba

Kaka,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara ninaanza na habari za kazi.

Mama alipokuwa anaumwa, mimi ndiye niliyekuwa nawaambia watu wengine "Endelea." Yeye kila nikimpigia nilikuwa na haraka. Siku ya mwisho aliniambia, "Nitakwambia ukipata nafasi." Sijui alitaka kuniambia nini. Sijalala vizuri tangu siku hiyo, na nyumba ile naiogopa.

Nimekata tiketi. Nafika Jumamosi. Weka randa chini, na kalamu usiitoe, maana niliyonayo ya kusema ni marefu.

Chiriku